Aliyechelewa Kwenye Picha ya Nikaha

Barua ilifika kwenye simu ya Kulthum Jumatatu saa nne asubuhi, akichagua mchele. Faiz, mumewe, alikuwa ameomba ukaazi nchi ya baridi anakofanya kazi, na sasa alitaka mkewe aongezwe kwenye maombi. Afisa wa uhamiaji wa huko aliandika kwamba picha ya harusi waliyotuma ina wanaume tisa na haina mke. Iletwe inayowaonyesha wote wawili, ndani ya siku thelathini.

Afisa hakujua, na nani angemwambia? Huku Kiembeni nikaha ilisomwa msikitini, Faiz kamshika mkono baba mtu, na Kulthum yuko nyumbani na hina yake, akingoja kuambiwa ameshaolewa. Faiz alipokuja kumpa mkono mkewe, mama mtu, Ummulkheir, alikataza kamera. Mwanangu hatazamwi ovyo, alisema. Wiki mbili baadaye Faiz akasafiri.

Picha yenyewe ilitundikwa sebuleni, juu ya friji. Jumatano, humo pichani, kwenye dirisha nyuma ya kichwa cha kadhi, alionekana mwanamke wa buibui akija kwa mbali, njia ya machimbo. Alhamisi alikuwa amefika penye duka la mkaa. Alikuwa Kulthum, kule kuvuta mguu wa kushoto ni kwake.

"Mbona ajikokota?" Ummulkheir aliuliza.

"Jua kali, mama."

"Na siku zaisha. Mwambie akaze mwendo."

Kulthum hakutulia. Aliweka sufuria motoni, akaja kutazama, akarudi, akaja tena. Wali uliungua mara tatu wiki ile. Jioni nyayo zilimuuma, na nje hakutoka. Siku ya ishirini yule mwanamke alifika mlangoni mwa msikiti, akavua viatu, akasimama hapo siku sita. Aliwaonea haya wale wanaume.

"Ingia, wewe," Kulthum alimwambia kwa hasira. "Ni mumeo yule."

Siku ya ishirini na saba kadhi alisogea kidogo, naye akaketi ubavuni mwa Faiz. Faiz mwenyewe alipiga simu kusema kwamba tangu asubuhi bega lake la kulia lina joto.

Nyamvula, mwenye saiba, duka la intaneti, aliiskani picha na kusema buibui limetoka vizuri. Wakaituma.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Picha hii na ile ya kwanza ni moja, isipokuwa mwanamke ametiwa baadaye. Maombi yamekataliwa kwa udanganyifu. Kulthum haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano.

"Si wao ndio waliomtaka?" Ummulkheir alisema.

Kulthum alilia, akanawa uso, akaenda kuiteremsha picha. Wanaume walibaki wanane. Yeye na Faiz walikuwa wameshatoka. Walionekana dirishani, migongo tu, wakiifuata njia ya machimbo.

Alimpigia mumewe, akamweleza. Faiz alikuwa chumbani mwake peke yake, kavaa koti.

"Wamekwenda wapi?"

"Nyumbani. Wameshikana mikono."

 Faiz akauliza kama yule mume alionekana ana furaha.

"Sana," Kulthum alisema.

Faiz akasema basi, lazima akate, zamu yake yaanza.