Beseni la Uani Mwaka Huu

Kila mwaka majani yakishamaliza kudondoka, mimi hubadilisha maji ya beseni letu kubwa la kujiloweka kwenye maji moto lililoko uani. Huku Minnesota ukingoja mpaka Januari, mabomba huganda kabla hujajaza upya. Unabadilisha mapema, unawasha kipasha joto, na hukizimi tena mpaka theluji iyeyuke. Nyonga za mke wangu Verla ni mbovu. Asipojiloweka humo jioni, halali.

Mwaka huu nilikuwa nimekwisha kulimwaga na kulisugua, mpira wa maji mkononi, Verla alipofungua dirisha la jikoni.

"Usijaze, Ansgar."

"Nisijaze? Leo usiku baridi inashuka. Maji yaliyobaki kwenye mabomba yataganda na kuyapasua."

"Basi yapulize yatoke. Lifunge kabisa."

"Na wewe utajiloweka wapi? Kwenye sufuria ya supu?"

Hakucheka. Alifunga dirisha.

Nilielewa. Beseni likifungwa, hatukai hapa msimu huu wa baridi. Tangu majira ya kuchipua binti yetu Solveig anatuita kwake Rochester, kwenye chumba kisicho na ngazi. Lakini nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, kwa hesabu nilizojifunza darasa la usiku baada ya kazi ya kutwa. Sikuwa tayari kuhamishwa kama sofa kuukuu. Nikafungua bomba.

Maji yalikuwa hayajafunika hata sakafu ya beseni, Gaylen, jirani yetu, akaingia uani amebeba mashine yake ya kupuliza hewa.

"Verla kanipigia simu, mzee. Kasema utaihitaji hii."

"Kakosea. Unaona najaza."

"Haya. Ila ningekuwa mimi, baada ya ile Jumanne nisingejaza."

"Jumanne ipi?"

Akatazama mawingu. "Leo itakuwa baridi kweli, eh?"

"Gaylen! Jumanne ipi?"

"Mkeo aliteleza humo, mguu ukakataa kumwinua. Alikuita sana, mzee. Mimi nilimsikia niko gereji kwangu, mlango umefungwa. Wewe ulikuwa hapo sebuleni, unatazama mpira wa magongo kwenye televisheni. Nikamtoa mimi. Akaniapisha nisikwambie."

Vifaa vyangu vya kunisaidia kusikia hukaa kwenye droo. Mimi husema vinanipigia miluzi, lakini ukweli ni kwamba sipendi kuonekana navyo.

Niliingia jikoni na viatu vya matope. Verla alikuwa anamenya viazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," alisema bila kuinua uso. "Kwa sauti yangu yote."

Nilitaka kusema kwamba nitavaa vile vifaa, kwamba nitakaa naye uani kila jioni nikiwa nimemshika mkono. Kisu chake kiliendelea kumenya. Nikaona alivyoegemeza nyonga yake mezani ili aweze kusimama.

"Mpigie Solveig," nikasema.

Nikatoka, nikafunga bomba na kuyaachia yale maji kidogo yaende zake. Gaylen alinikabidhi mashine. Nikaielekeza kwenye tundu la bomba la kwanza. Maji yaliyojificha mabombani yakaruka na kunilowesha suruali. Nikaenda la pili, la tatu, hadi ikawa inatoka hewa tupu.

Nilipoinua kichwa, Verla alikuwa mlangoni, koti mabegani, midomo ikisogea. Nikaizima mashine, nikamwomba arudie.