Wimbo wa Tisa wa Theopista

Theopista alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoamua kurekodi albamu yake ya kwanza, na watu wa Ushirombo walipoambiwa ni albamu ya namna gani, walicheka kidogo. Nyimbo tisa za jazi, zote za zamani: tano za Kifaransa, nne za Wamarekani weusi. Kifaransa alikipata utotoni jikoni kwa masista wa misheni, mama yake alikokuwa mpishi. Kiingereza alikiokota ukubwani, katika hoteli moja ya Kahama alikokuwa akiwaimbia wageni wa mgodi wa Buzwagi kila Ijumaa na Jumamosi. Mgodi ulipofungwa wageni wakaenda zao, ukumbi wa hoteli ukageuzwa ghala la mpunga, na Theopista akabaki na nyimbo zake mdomoni.

Miaka yote hiyo aliyempigia tarumbeta alikuwa shemeji yake Otmar, kaka wa marehemu mumewe. Otmar alijifunza tarumbeta kwenye bendi ya parokia. Siku za kazi alisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko upande wa Geita, na vumbi la miaka kumi na minne likamkaa kifuani. Daktari wa Mwanza alimwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia aachane na karasha. Otmar alikuwa ameachana nayo mwaka wa pili huo, maana hata kiroba cha mawe hakukiweza tena. Dawa ya kutuliza ilikuwepo. Ya kuponya haikuwepo. La kuvunda halina ubani.

Ndiyo maana Theopista alikuwa na haraka.

"Shemeji, tukirekodi sasa, itabaki," alimwambia.

"Itabaki kwa nani?" Otmar akauliza, lakini alikwisha kusimama kuishusha tarumbeta kutoka juu ya kabati.

Mkewe, Mama Nelly, alikuwa mlangoni akipepeta maharage. "Mama Rosemary," akamwambia Theopista, "huyu hamalizi rozari bila kupumzika mara tatu. Unampeleka wapi?"

"Kahama tu. Nitamrudisha."

Studio ilikuwa nyuma ya duka la mafundi simu, na mwenyewe, Evance, alizoea kurekodi kwaya. Kwa siku sita walifanya nyimbo nane. Otmar alipiga akiwa ameketi, vipande vifupi, kisha anainamisha kichwa na kungoja moyo utulie. Ukiisikiliza tarumbeta ile hukujua kama mpigaji ni mgonjwa. Theopista alilala usingizi mzuri wiki ile, wa kwanza tangu afiwe na mume.

Wimbo wa tisa ulikuwa wa mwanamke anayemsindikiza mpenzi wake stesheni. Theopista aliuimba ubeti wa kwanza kwa Kifaransa, wa pili kwa Kiingereza, na wa tatu aliutunga mwenyewe kwa Kisukuma. Baada ya hapo sauti yake ilinyamaza na tarumbeta ikabaki peke yake mpaka mwisho, dakika nzima.

Otmar alijaribu, akakatika katikati. Alijaribu tena, akakatika mapema zaidi.

"Mzee, usijitese," Evance akasema. "Kinanda changu kina sauti ya tarumbeta. Naijazia hapo, hakuna atakayejua."

"Jazia," Otmar akasema.

"Hapana," Theopista akasema.

"Shemeji, mwache ajazie."

"Mara moja tu, shemeji. Pumzika kwanza, halafu mara moja tu."

Otmar hakuwa mtu wa kubishana na wanawake wa nyumba yao. Akapumzika, akainua tarumbeta, akaanza, na safari hii ilitoka nzuri kuliko zote, laini, ya chini, mpaka Theopista akafumba macho. Alipoyafumbua shemeji yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi, hewa haiingii. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Alikaa kwenye oksijeni siku nne, ya tano akafariki.

Mama Nelly hakumlaumu. Ingekuwa heri angemlaumu. Msibani alikaa naye mkeka mmoja, na watu walipotawanyika akamwambia, "Basi angalau wamsikie. Nenda redioni, waipige."

Theopista alikwenda. Redio mbili za Kahama zilimkatalia. Akapanda basi hadi Shinyanga, kwenye redio ya tatu, akapokewa na mtangazaji aitwaye Masudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Masudi alisikiliza wimbo mmoja na nusu, kwa adabu, kisha akavua vidude vya masikioni. "Sauti unayo, mama, sikufichi. Ila msikilizaji wangu analima pamba. Hiki Kifaransa nimpe akifanyie nini?"

"Wa tisa una Kisukuma."

"Haya, niwekee huo."

"Haujakamilika. Mpigaji alifariki."

"Pole sana, mama." Akamrudishia flashi yake kwa mikono miwili. "Ungetuletea nyimbo za harusi, hata kesho ningezipiga."

Jioni alipofika Ushirombo, Mama Nelly alikuwa amemwekea chakula. Hakumngoja hata anawe.

"Wamekubali?"

Theopista aliyatafuta maneno aliyokuja nayo njiani, hakuyapata. "Wamekubali," akasema. "Jumapili."

"Jumapili saa ngapi?"

"Hawakusema saa."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Mama Nelly alitoa redio nje na kuiweka juu ya stuli. Alikuwa amenunua betri mpya na kuvaa kitenge cha Krismasi. Theopista aliketi kando yake, kwa kuwa hakuwa na udhuru wa kuondoka. Ikapita taarifa ya habari, zikapita salamu za wasikilizaji, ikapita kwaya baada ya kwaya. Kila muziki ulipoanza Mama Nelly aliinua kidole.

"Ni yeye?"

"Siyo."

Mchana wakala ugali redio ikiwa katikati yao. Majirani wawili walikuja na viti vyao. Saa kumi jua likawafikia miguuni. Mama Nelly akaisogeza redio kivulini, akaongeza sauti.

"Kaa karibu, mama," akamwambia. "Wimbo usije ukapita tukaukosa."