Waya wa Elfu Kumi na Nane

Mume wangu Mwenda si mjinga. Anafundisha hesabu, na sokoni humpunji hata shilingi tano. Ndiyo maana nilishindwa kuelewa waya aliorudi nao kutoka Makutano Jumamosi: mita sita, mnene kama mkia wa kondoo, ncha zimepakwa dhahabu, shilingi elfu kumi na nane. Wa kuunganishia spika za sebuleni.

Pesa hizo zilikuwa na kazi yake. Zilikuwa za kumnunulia mama yake, Ruguru, kile kifaa cha kusikia alichoandikiwa na daktari kule Embu. Mama hakosi kuketi na redio jioni, matangazo ya vifo yanaposomwa kwa lugha yetu, maana huku ndivyo watu hujua nani anazikwa na lini. Mwezi uliopita lilisomwa jina la Gladwell, mwenzake wa kikundi cha akina mama kwa miaka thelathini. Mama alikuwa hapo hapo, sikio kwenye redio, na hakulisikia. Wenzake walipika na kuzika bila yeye, na sasa wanasema Ruguru ana maringo. Nililia kwa hasira nilipoambiwa.

Mwenda aliniambia kifaa kitangoja mwezi ujao, na nilipomuuliza huo waya una tofauti gani, eti masikio yangu hayajazoea sauti safi. Masikio yangu!

Jumatatu, akiwa shuleni, niliuchomoa ule waya nikaurudisha kwenye boksi. Kwa Nyamu, anayeuza misumari na rangi, nilinunua waya wa kawaida wa taa, mita sita kwa shilingi mia tatu, nikaufunga mwenyewe nyuma ya kabati.

Jioni Mwenda alirudi, akamketisha mama karibu na spika, akaweka kwaya, akafumba macho.

"Sikia hiyo besi," akasema. "Nilikuambia rahisi ni ghali."

Nikamwekea boksi magotini. Alipolifungua na kuuona waya wake umejikunja ndani, uso ulimshuka. Nilimwambia risiti inampa siku saba za kurudisha, na kesho ni ya nne.

"Kanini, ungengoja tuwe wawili," akasema. "Umeniaibisha mbele ya mama."

Nilimtazama mama. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, kwaya ikiimba karibu kabisa na sikio lake, akingoja tumwashie redio.

"Usijali," nikamwambia. "Hajasikia kitu."