Maji ya Gobo

Maji ya kwenye beseni yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyokolea. Nobue aliyamwaga bila kuyatazama, akajaza mengine, akatia siki kidogo na kuviloweka tena vipande vya gobo, mboga ya mzizi mrefu wenye ganda jeusi, mpaka viwe vyeupe pe. Hakupenda mzizi uliotoka ardhini uingie mezani ukiwa na rangi ya ardhi. Huo ulikuwa usafi wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza aliutoa wapi.

"Nobue!" mama yake aliita kutoka chumba cha pili. "Nasikia harufu ya gobo."

"Si yako, Mama. Yako ni uji."

"Uji, uji! Kwani mimi nimeota jino la kwanza jana?"

Nobue alicheka, lakini hakubadili neno. Mama yake, Bibi Hisae, alikuwa ameletwa kwake mjini Sendai, Japani, majira ya kuchipua, akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Dawa kali za hospitalini ziliyaponya mapafu, zikaliacha tumbo likiwa limevurugika. Tangu hapo alikuwa akiharisha, akipoa siku mbili na kuanza tena, na vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote. Nobue akamlisha kama wagonjwa wanavyolishwa: uji mweupe wa mchele, mwepesi, na tunda moja la ume lililotiwa chumvi juu yake. Asubuhi uji, jioni uji, kiangazi kizima. Daktari alishasema wazi kwamba tumbo lisipotulia kabla ya theluji, mama hatarudi kwake Aomori kuishi peke yake. Atafutiwe nafasi kwenye makao ya wazee. Na mama hakuwa na ndoto nyingine ila shamba lake la gobo na kuwa pale siku ya kuchimba.

Vuli ilipoingia, Nobue alikwenda kumwona mtaalamu wa lishe wa zahanati, dada mmoja mchangamfu aitwaye Mizushima.

"Uji wa mchele unasagwa na kufyonzwa mapema," Mizushima alimweleza. "Kwenye utumbo mpana hakifiki kitu cha maana. Na huko ndiko wanakoishi bakteria. Chakula chao ni kile tunachoshindwa kukisaga sisi, nyuzinyuzi za mimea. Wakizila, wanatoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo."

"Na wakikosa?"

"Wengine wanakufa. Wengine wanageukia ute unaoulinda utumbo, wanaula huo. Zile dawa ziliwapunguza, sasa na hawa waliobaki wanalala njaa."

Nobue alihisi uso ukimwaka. "Nilimpa kilicho laini ili apone."

"Siku za mwanzo ulifanya vizuri, mama. Ila umekawia kumtoa hapo. Mpe vitunguu, maharage, gobo hasa. Anza kidogo kidogo, uchemshe hadi vilainike. Na gobo usilimenye. Likwangue kwa mgongo wa kisu tu, usililoweke. Sehemu ya nyuzinyuzi zake huyeyuka kwenye maji, ukiyamwaga zimekwenda nayo."

"Watarudi wote, hao bakteria?"

Mizushima alisita. "Wengi wataongezeka. Waliotoweka kabisa, siwezi kukuahidi."

Njiani Nobue alijilaumu kila hatua. Mama alikuwa ameomba gobo kiangazi kizima, naye akamnyima kwa upendo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuwa na ubaya wowote wa kuutubia.

Siku za kwanza, vijiko viwili tu vya gobo lililopikwa na maji yake vilitosha kulijaza tumbo la mama gesi. Bibi Hisae alijamba mezani bila aibu, akaangalia dari.

"Wapangaji wamerudi," alisema. "Wanahamisha makabati."

Walicheka mpaka machozi. Wiki zilivyokwenda, tumbo lilianza kutulia, na siku moja mama aliweza kula bakuli zima. Alitafuna taratibu, akakiinua kipande kwa vijiti na kuutazama weusi wake wa pembeni.

"Umeliacha ganda," alisema.

"Nimeambiwa ndiyo dawa."

"Mimi nilijua kuwa ni tamu tu. Ila we mtoto ulilikataa. Ulikuwa darasa la sita. Ukaniambia wenzio wanakuita mla udongo, niwe namenya ganda lote na kuliloweka gobo mpaka liwe jeupe."

Nobue aliweka vijiti chini. Alikumbuka vidole vya mama vilivyokuwa vyeusi kwa kumenya alfajiri, na sanduku la chakula lililofungwa kwa kitambaa cha buluu. Alikumbuka pia kilichofuata, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hata hilo jeupe hakulila. Kila adhuhuri alilimwaga nyuma ya ukumbi wa michezo wa shule, akarudi nyumbani na sanduku tupu, na mama alilipokea kwa furaha.

"Mama," alisema, "lile gobo la shuleni..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Sanduku lilikuwa linarudi limeoshwa," Bibi Hisae alisema, akiendelea kutafuna. "Mtoto aliyekula kwa njaa haoshi sanduku."

Nobue alishindwa kumtazama. "Sasa kwa nini uliendelea kunimenyea?"

Mama alifikiri, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la ajabu.

"Huenda siku moja ungesikia njaa."

Nobue alilia hapo hapo, waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Bibi Hisae hakumbembeleza. Alilisukuma bakuli katikati ya meza, upande wenye vipande vyeusi zaidi ukimwelekea binti yake.

"Kula basi, linapoa. Kesho kutwa tunakwenda Aomori kuchimba."

Nobue alivichukua vijiti vyake.