Picha ya Mwili Mzima

Auleria Kamugisha alisogea tena kwenye benchi, nje ya ofisi ya chuo. Ubao ulikuwa na msumari uliotokeza, na gauni alilovaa lilikuwa la mama yake. Ndani waliitwa mmoja mmoja: kijana wa fimbo nyeupe, mwingine wa kiti cha magurudumu. Kila aliyepita alimtazama miguu, kisha macho, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Na wewe una nini?" alinong'ona jirani yake, binti mwenye ualbino na kofia pana.

"Kusoma kunanishinda."

"Aa, sista, hiyo si tunaumwa chuo kizima!"

Auleria alicheka naye, akasimama, akakaa tena. Alipoitwa, alikuta Bwana Mwinjuma, mratibu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, akimenya yai la kuchemsha juu ya gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Ulemavu gani?"

"Disleksia." Akaeleza kama alivyozoea kueleza: macho mazima, akili nzima, ila maneno kwenye karatasi hayatulii. Mstari anaoumaliza mwenzake kwa kupepesa jicho, yeye huurudia mpaka kwapa zinalowa. Akatoa ripoti ya mtaalamu wa Msasani. Ili kulipia kipimo hicho, mama yake, Editha, aliuza cherehani. Siku hizi anashona pindo na vifungo kwa mkono, barazani kwao Tandika, huku akimsomea bintiye vitini vya sheria kwa sauti yake ya darasa la saba, maneno magumu akiyakata vipande kama muhogo. Auleria huvishika vipande vyote kichwani. Hivyo ndivyo alivyofika mwaka wa pili. Lakini mtihani hausomewi na mama. Sasa ana sapu, mtihani wa marudio, Jumatatu ijayo, na akifeli anadisko, anafukuzwa chuo, anafungasha virago. Alichotaka ni mtu wa kumsomea maswali, na muda wa ziada.

Mwinjuma aliisoma ripoti yote, hata akaguna kwa huruma. Kisha akamgeuzia kompyuta.

"Mie nakuamini kabisa. Huyu ndiye asiyekuamini. Ona: macho, masikio, viungo, ngozi. Chagua."

"Yangu haimo."

"Basi na fungu lako la hela halimo. Halafu hapa anataka picha ya mwili mzima, ulemavu uonekane. Bila picha haendi mbele."

"Si ripoti hiyo, baba?"

"Ripoti si picha. Wanaotoa hela wanataka kuona." Akasukuma mlango kwa kisigino, ukafungika. "Nisikilize. Cha muhimu uingie kwanza. Mengine tutarekebisha humohumo. Buguruni, nyuma ya soko, kuna mpiga picha, Khalfani. Mwambie nimekutuma."

Studio ya Khalfani ilinukia gundi. Ukutani yalining'inia majoho ya mahafali, na pembeni yake magongo ya urefu mbalimbali.

"Mguu upi?" aliuliza Khalfani.

"Upi nini?"

"Unaoumwa, dada'angu! Wa chuo, eti? Jana nilikuwa na mwenzio wa kifafa. Nilimpa gongo hilohilo."

Editha, aliyekuwa kasimama mlangoni, alishika kifua. "Tusije tukajiitia balaa, mwanangu."

"Mama, nishikie pochi."

"Inama kidogo," alisema Khalfani. "Usitabasamu. Mgonjwa gani anatabasamu?"

Jibu lilikuja kwenye simu Ijumaa: amekubaliwa, kundi la viungo. Auleria akampigia Mwinjuma palepale, akiizunguka baraza, kumuuliza habari za msomaji.

"Msomaji ni fungu la wasioona, binti."

"Baba, ulisema tutarekebisha."

"Nikigusa, wataiulizia ile picha. Wataniuliza mimi, watakuuliza na wewe. Adhabu ya kughushi unaijua? Si unasoma sheria?"

Simu ikakatwa.

Jumatatu walimpa chumba cha chini, meza ya karibu na mlango, asisumbuke na ngazi. Gongo alilokodi kwa Khalfani aliliegemeza ukutani. Karatasi ilipogeuzwa, herufi zikaanza kupandana. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akalipata. La pili, akalipata. Alipofika la tano, la kwanza lilikuwa limeshamponyoka. Huku na huku wenzake walifunua ukurasa. Akanyoosha mkono.

Msimamizi, mama wa makamo, alikuja haraka, akainama. "Pole, mwanangu. Unaumia?"

"Naomba unisomee hapa, mama. Hili moja tu."

Yule mama alitazama kidole cha Auleria, akatazama karatasi ya majina, akatazama gongo.

"Hilo sijaruhusiwa."

Akaondoka kwa kunyata. Aliporudi alikuwa na kigoda. Akachuchumaa, akakiingiza chini ya meza, akauinua mguu wa Auleria kwa mikono miwili, taratibu asimtoneshe, akauegesha juu yake.