Loveness na Kikundi cha Matarumbeta

Loveness alipochaguliwa kuongoza kikundi cha matarumbeta cha usharika wao, milimani juu ya mji wa Lushoto, alidhani kazi ya kiongozi ni kusimama mbele na kukamata makosa. Alikuwa na sikio kali. Mtu akiteleza, alisimamisha wimbo wote na kumtaja kwa jina. Ajabu ni kwamba kadiri alivyosahihisha, ndivyo walivyozidi kukosea.

Jumamosi moja mvua ilimchelewesha kufika mazoezini. Alipokaribia kanisa akasikia wimbo uleule uliowashinda juma zima, sasa unapigwa vizuri ajabu. Akasimama kwenye ukungu. Nani anawaongoza?

Akachungulia dirishani. Hakuna aliyesimama mbele. Walikuwa wameketi duara, wakitazamana. Mzee Stephano, mpiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, alivuta pumzi, na wote wakavuta pamoja naye. Kijana Danieli akakosea, akacheka kwa macho, wimbo ukaendelea.

Alipoingia tu, wakanyamaza.

"Shikamoo, Mzee Stephano."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona mmeacha? Mnafanyaje nisipokuwepo?"

Danieli ndiye aliyethubutu. "Dada, usichukie. Ukiwepo tunatazama uso wako kuona kama umekunjamana. Usipokuwepo tunasikilizana."

Maneno yalimchoma. Alitaka kujitetea, lakini hamu ya kujua ilizidi hasira. Akavuta kiti. "Nisogezeeni nafasi. Nataka kusikia mnachosikia."

Akatoa tarumbeta lake, akapiga akiwa kati yao. Hapo ndipo alipogundua kwamba Danieli hukosea mahali pamoja, mwisho wa sauti ndefu. Kumbe huishiwa pumzi.

"Ukipumua mapema kidogo, nikushikie hiyo sauti mpaka urudi?" aliuliza.

Wakajaribu. Ikatoka.

Baadaye wakaalikwa kusindikiza harusi. Wakiteremka kutoka kanisani, mteremko ukawakimbiza wa mbele, wa nyuma wakaachwa, wimbo ukakatika vipande viwili. Wote wakamgeukia Loveness.

"Hapa duara halifai," akasema Mzee Stephano akihema. "Tuongoze."

Loveness hakwenda mbele mara moja. Kwanza alitembea kando ya mzee yule aliyebeba chombo kizito kuliko vyote, akaupima mwendo wake. Kisha akatangulia, akiwapigia wote kwa mwendo uleule wa mzee. Msafara ukaungana tena, na bibi harusi akaanza kucheza.