Chokaa Begani

Pale saiti hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Mama Lipu, kwa sababu dari aliyoipiga lipu yeye ilinyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Miaka ishirini na mbili mkono wa kulia ulikuwa juu na mwiko, mpaka bega likagoma. Kila akinyanyua mkono, maumivu yalimchoma hadi kwenye kiwiko.

Msimamizi wa ujenzi hakumsubiri apone. "Mama, umri nao. Nakupa stoo, ukae kwenye kiti uandike saruji inayotoka."

Stoo akakae mama yako, alitaka kumwambia. Badala yake akasema, "Stoo sitaki. Naenda kutibiwa."

Wifi yake, dada wa mumewe, alimsindikiza kliniki, na njia nzima hakufunga mdomo. "Wifi yangu, bega limestaafu kabla yako. Likubalie tu."

"Nilikubali kuolewa na kaka yako, inatosha."

Mtaalamu wa viungo, binti mpole mwenye miwani mikubwa, aliwaonyesha picha yenye doa jeupe juu ya mfupa. "Hii ni chokaa. Imeganda ndani ya kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa."

Wifi akaangua kicheko. "Kumbe miaka yote unapaka ukutani, nyingine unajiwekea akiba!"

Hata mtaalamu alicheka. Kisha akaeleza: mashine itapiga mawimbi ya mshtuko pale penye doa, mara moja kwa wiki, wiki tano. Si umeme unaoingia mwilini, ni mishindo tu, na inauma. Wengi hupata nafuu, si wote, na nafuu yenyewe huja polepole, pengine baada ya miezi.

Akapakwa jeli ya baridi. Kichwa cha mashine kikatua begani, kikaanza ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebandua vigae. Mama Lipu akauma meno. Machozi yakamtoka bila ruhusa yake. Wifi akamshika mkono.

"Niache! Ukinishika ndio nitalia kweli."

"Nipunguze?" mtaalamu akauliza.

"Ongeza."

"Mama, hapa hatushindani. Nitapandisha kadiri bega linavyokubali, si kadiri unavyobisha."

Tangu hapo Mama Lipu akampenda yule binti.

Baada ya mara ya tatu, msimamizi akapiga simu. Dari ya ukumbi ilikuwa tayari kupigwa lipu. "Njoo Jumatatu, la sivyo nampa mwingine."

Mkono ulishaanza kufika usawa wa sikio, na ukumbi ule aliutamani tangu msingi wake unachimbwa. Lakini mtaalamu alikuwa amemkataza kazi yoyote ya juu ya kichwa.

"Mpe," akasema.

"Utajuta, Mama Lipu."

"Nitajuta nikiwa na bega."

Akakata simu, akaketi kitandani, akalia kwa hasira. Wifi, safari hii bila mzaha, akamletea mpira wa kuvuta wa mazoezi aliopewa kliniki. "Haya, vuta. Mara kumi na tano, nahesabu mimi."

Ukumbi ukapigwa lipu na fundi mwingine, na ikatoka nzuri tu. Hilo lilimuuma kuliko mashine.

Mwezi wa tatu tangu aanze matibabu alirudi saiti. Maumivu hayakuwa yameisha, ila sasa yalinong'ona tu, na mkono ulifika juu. Msimamizi akamtazama toka miguuni hadi kichwani.

"Stoo bado ipo."

"Nionyeshe dari."

Akapewa ya choo, ndogo, yenye kona kila upande, kazi ambayo mafundi huikwepa. Akapanda jukwaa, akapiga lipu kwa saa nzima, kama mtaalamu alivyomruhusu. Muda ulipotimia akaosha mwiko, akateremka mbele ya wote, wenzake wakiwa bado juu.

"Umeshachoka?" msimamizi akapaza sauti ili wasikie.

"Sijachoka. Nimeacha. Kesho nitaongeza nusu saa. Kama hutaki, tafuta mwingine anayependa vyoo."

Akageuza ndoo, akaikalia pale pale njiani, akafungua chakula chake na kula taratibu. Kila aliyepita na karai ilibidi amzunguke.